Santuri ya Kinanda ya Baba

Kimulot,
Jumanne, 11 Machi 2025

Kaka yangu Kipkurui,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba ule mguu ulioangukiwa na gogo hapo kiwandani sasa unakanyaga vizuri. Mama anakusalimu. Ng'ombe wanakamwa, mvua imeanza mapema, na majani ya chai yanatoka kwa wingi kuliko mikono ya kuyachuma. Tungesema tuko salama kama si baba.

Jana Jumatatu daktari alikuja nyumbani, akasema moyo wa baba umechoka na kwamba zimebaki wiki mbili, pengine tatu. Alisema hayo mbele ya mama na mbele yangu. Mama alimjibu kwamba daktari wa mwaka 2019 alimpa baba mwezi mmoja tu, na baba ndiye aliyehudhuria mazishi ya huyo daktari. Huyu daktari wa sasa, kijana bado, alicheka kidogo, kisha akarudia maneno yake polepole.

Nakuandikia kwa sababu hushiki simu zetu tangu 2009, na siku ile ya mwisho ulisema kwamba barua utasoma. Ninaomba jambo moja tu. Njoo kabla baba hajaondoka, ili yale maneno aliyoyasema mwaka 1988 yaondolewe akiwa hai. Unajua kama ninavyojua kwamba akifa nayo, hakuna mwingine wa kuyaondoa. Usiamue bado. Soma kwanza mpaka mwisho.

Baba hazungumzi sana siku hizi, lakini anavumisha muziki puani, midomo imefungwa. Kila Jumapili, saa nane baada ya chakula, anavumisha ile santuri ya kinanda tangu mwanzo wa upande wa kwanza. Anaanza na zile ngoma zinazogonga kama mvua ya kwanza juu ya mabati, gitaa linaingia, kisha kinanda kinafika kimechelewa, kama mtu anayejua kwamba ibada haiwezi kuanza bila yeye. Akifika wimbo wa tatu, pale sindano ilipokuwa ikinasa, anarudia kipande kile kile. Nimehesabu Jumapili tano mfululizo. Anarudia mara saba, kisha anainua kidole kutoka kwenye blanketi, kama alivyokuwa akiinua sindano, na anaendelea. Nelvine, muuguzi anayekuja kumwosha, alidhani ni kifafa. Nilimweleza kwamba baba hajakosea hata noti moja. Ulivyo mkwaruzo ndivyo anavyouimba. Tangu siku hiyo Nelvine anaomba aje Jumamosi, asimkute akivumisha.

Unakumbuka yule meneja msaidizi alivyompa baba santuri ile alipoondoka, kwa sababu baba ndiye aliyekuwa mhudumu wa klabu ya mashamba ya chai na ndiye pekee aliyekuwa akiifuta vumbi. Hatukuweza kulitamka jina la mpigaji. Kwetu lilikuwa jalada lenye mtu mweusi aliyevaa suti ya manjano, ameketi kwenye kinanda na kutugeuzia mgongo. Mzee Joab, shemasi, alimwonya baba kwamba kinanda ni chombo cha Mungu na hiki kimeleweshwa. Lakini kila Jumapili saa nane Joab alikuwa kwenye mpaka wetu akitengeneza ua. Mama alikuwa akisema hakuna ua imara kuliko ule kutoka hapa mpaka Chepilat, na siku moja alimpelekea chai kule kule uani, akamwomba akishamaliza upande wa kinanda aende na upande wa boma la ng'ombe, maana huko ua umeoza na hakuna anayeuona. Joab aliinywa ile chai. Upande wa boma haukutengenezwa kamwe.

Mimi nilitegemea muziki ule uzeeke. Nyimbo zote huzeeka. Nimeishi kuziona zile za ujana wetu zikigeuka matangazo ya sabuni. Hii haikuzeeka. Mwaka 2003 niliisikia katika hoteli mjini Nakuru, nikaacha chakula mezani. Mwaka 2014 vijana fulani walichukua zile ngoma za mwanzo wakaimba juu yake, na kwa miezi sita sikuweza kupita stendi ya Kericho bila kuisikia. Mwaka jana niliisikia katika ofisi ya wakili, ikipigwa chini kwa chini, na wakili aliniambia kwamba aliirithi kwa mwanawe wa miaka kumi na tisa, si kwa baba yake. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na nadhani ni kwa sababu haina maneno, basi hakuna anayeweza kusema kwamba hakuambiwa yeye. Tena haina haraka. Wale wapigaji watatu wanaachiana nafasi, na msikilizaji anaingia katika nafasi hiyo na kile alichokuja nacho. Nilichokuja nacho mimi, nitakuambia.

Tarehe 18 Februari nilipigiwa simu na mwanamke anayeitwa Charity. Ni binti wa Gachanja, yule aliyekuwa akitengeneza redio na kurekodi kaseti pale Litein, ambaye baadaye alihamishia duka Kedowa. Alisema baba yake, kabla ya kufa, alimwachia bahasha ya karatasi ya saruji na kumwagiza asiiuze na asiitupe, kwa kuwa ni ya mtoto wa baba yetu, Kipyegon wa Kimulot, na mtoto huyo atakuja kuichukua. Alingoja miaka tisa, akaona sasa atafute mwenyewe. Nilikwenda Kedowa siku iliyofuata. Ndani ya bahasha ilikuwa santuri ya baba, bila jalada. Shirley, binti wa Charity, alipoona sura yangu alifikiri nimekasirika kwamba imeharibika, basi akanitafutia muziki wenyewe kwenye simu yake, akaniambia kwa upole, shosho usijali, iko hapa yote na ni safi zaidi. Umri wangu ni miaka hamsini na mmoja, si wa kuitwa bibi, lakini sikumrekebisha.

Nilimpigia baba ile safi ya simu Jumapili ya tarehe 23. Alisikiliza vizuri mpaka wimbo wa tatu. Muziki ulipopita pale pa mkwaruzo bila kunasa, alifumbua macho na kuuliza huyu ni nani. Nikamwambia ni yule yule. Akasema hapana, yule wake husimama hapa kumngoja. Kisha akauliza wewe uko wapi.

Sasa nakuandikia lile ambalo lingepaswa kuandikwa kwanza.

Aliyeichukua santuri ni mimi. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 16 Desemba 1988, siku mbili kabla baba hajafungua jalada na kulikuta tupu. Hakuna aliyenituma. Baba hakuruhusu mkono mwingine uiguse, wala siku nyingine isipokuwa Jumapili, na mimi nilitaka wimbo wa tatu uwe wangu, kwenye kaseti, niende nao shule. Nilipanga kupeleka majani kwenye kituo cha kupimia, kisha nipande lori mpaka Litein kwa Gachanja na kurudi kabla ya jioni. Ili mama asiione, niliiweka katikati ya gunia la majani.

Wewe umechuma chai tangu utotoni, kwa hiyo huhitaji kuelezwa. Tulichapwa, mimi na wewe, kwa kushindilia majani, tukaambiwa kwamba majani yaliyobanwa huchemka yenyewe na kuwa mekundu na karani huyakataa. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu, lakini sikuliwaza hata kidogo. Niliwaza macho ya mama tu. Siku ile gari la majani lilichelewa. Gunia lilikaa juani tangu saa tatu mpaka saa nane, na mama mmoja wa Kaptebengwet alilikalia akisimulia harusi, akanitania kwamba gunia langu ni tamu kama kiti cha chifu. Sikuthubutu kumwondoa. Nilipotia mkono ndani, majani yalikuwa na joto kama kifua cha mtu mwenye malaria. Santuri ilitoka imejikunja kama uyoga.

Gachanja alijaribu. Aliiweka kati ya vioo viwili, akaweka jiwe juu, akaianika tena juani. Haikunyooka. Aliniambia niende kumwambia baba mwenyewe, maana baba atanichapa siku moja na jambo litakwisha, na kwamba yeye ataiweka mpaka nirudi kuichukua. Sikurudi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Joab alisema alikuona dukani kwa Gachanja Ijumaa ile. Ulikiri kwamba ulikuwa huko, ukasema ulikwenda kununua betri za gramafoni ya baba kwa ajili ya Krismasi na ukakuta zimekwisha. Ilikuwa kweli. Sisi wawili tulipishana pale dukani kwa saa moja. Baba hakwenda kumuuliza Gachanja. Alisema hawezi kwenda kwa mtu wa duka kuuliza kama mwanawe ni mwizi. Alisimama mlangoni na jalada mkononi, akasema mtoto wake aliyefanya hivi asile tena katika nyumba hii wala asitie udongo katika kaburi la baba yake. Hakutaja jina, ila alikuwa akikutazama wewe. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika sufuria. Uliondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Mimi nilikula.

Nimekula katika nyumba ile kwa miaka thelathini na sita. Kila mahali nilipousikia muziki ule, sikumsikia yule mtu wa suti ya manjano. Nilisikia geti likifungwa nyuma yako. Sitafuti sababu ya kujitetea. Mwaka wa kwanza niliogopa fimbo, na miaka yote iliyofuata niliogopa ule mwaka wa kwanza.

Nilimwambia baba juzi, Jumapili, mama akiwepo. Aliuliza karani aliyakataa yale majani au aliyapokea. Nikasema aliyapokea. Akasema huyo karani alikuwa mzembe. Siku hiyo saa nane ilipita bila yeye kuvumisha. Mama alitoka nje, akakaa bomani mpaka ng'ombe walipokamwa, na hajanitazama usoni tangu hapo.

Jana, baada ya daktari kuondoka, baba aliwaita wazee watatu, Joab akiwamo. Joab aliomba msamaha kwa ajili ya macho yake, akasema yaliona kweli na kusema uongo. Wazee walikubaliana hivi. Maneno hayakuwa na jina, kwa hiyo yalinishika mimi, lakini aliyeyabeba ni wewe. Baba hawezi kuyafuta kitandani kwa kuwa hakuyasemea kitandani. Atabebwa mpaka mlangoni, atachukua maziwa na nyasi mbichi za kukubariki, na wewe utaingia kwanza na kula kwanza. Kuhusu mimi, baba alikataa kusema neno. Alisema kesi yangu si yake, ni ya Kipkurui. Basi tangu jana siingii nyumbani. Nalala kwa Mzee Joab na chakula naletewa kule. Utakapokuwa umekula, wazee watakuuliza kama naruhusiwa kuingia, na jibu lako halitajadiliwa. Ukisema hapana, nitakuwa nimesikia, na siku ya mazishi nitasimama barabarani.

Nimeituma barua hii kwa gari la vifurushi. Utaipata Alhamisi. Wasalimie watoto, waambie wana babu, na kwamba wakija wavae sweta, huku asubuhi kuna baridi ya msitu. Mama anasema usinunue chochote njiani.

Kikao ni Jumamosi, tarehe 22 Machi, saa nne asubuhi. Mimi nitakuwa nje ya geti kuanzia saa tatu.

Ni mimi dadako,
Priscah Chepkemboi