Bibi Bharti Aliyejiandikisha Watu Watano

Shangazi Chiku mpendwa, naomba unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi huu, maana nikikaa na jambo hili peke yangu nitaugua.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, naishi na mume wangu Athanas na mtoto wetu kwenye ghorofa la umma nyuma ya Mnazi Mmoja, jengo la zamani lenye familia kumi na mbili zinazotumia mita moja ya maji, na wenzangu walinichagua kuwa katibu wa wapangaji kwa sababu tu mwandiko wangu unasomeka. Mwezi wa nne tukaletewa barua kutoka ofisi ya nyumba za umma kwamba gharama za maji, pampu na taa za ngazi zinapanda karibu mara mbili, na kwamba bili haitagawanywa tena sawa kwa kila mlango kama zamani, itagawanywa kwa idadi ya watu, hivyo katibu apite na fomu aandike wanaolala kila nyumba. Shangazi, siku ile ghorofa letu liliishiwa watu. Nyumba ya watu saba ikawa na wanne, mashemeji wakawa wageni waliokuja kutibiwa, na mimi sikubaki nyuma, dada yangu Klara na watoto wake wawili wanaoishi kwangu huu mwaka wa tatu niliwaacha nje ya fomu, nikaandika watatu badala ya sita.

Juu kabisa anaishi Bibi Bharti, mjane wa Kihindi wa miaka sabini na kitu, mwanawe Jay yuko Mwanza kikazi, bibi anaishi peke yake na kila mtu anajua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanimiminia chai, nikamuuliza idadi, akasema niandike watano. Nikamuuliza tena, akasema watano, taratibu, kama anamwagiza mtoto dukani. Nikatoka pale nimeshajipa jibu kwamba bibi amepangisha vyumba kinyemela kama wanavyofanya wengi mjini kwa kuwa kodi ya nyumba za umma ni nafuu, na hapo ndipo nilipofanya ubaya ninaokuandikia leo, kwenye sehemu ya maoni nikaandika kwamba nyumba hiyo inahisiwa kuwa na wapangaji wa siri. Nakuapia haikuwa chuki. Nilitaka afisa akija kukagua apande moja kwa moja hadi juu, asisimame mlangoni kwangu.

Wiki iliyopita Bibi Bharti akaniita nimsomee barua kwa sababu macho yake yana ukungu. Nikamsomea kwa mdomo wangu huu kwamba amevunja mkataba kwa kupangisha watu, ajieleze kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo arudishe funguo za nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. Hajui nani aliandika yale maoni. Nikamuuliza hao wanne ni akina nani, akanionyesha chini kupitia dirisha.

Pale chini, Shangazi, kwenye mlango wa ngazi, kuna mtungi wa maji uliozungushiwa kitambaa kibichi, na kikombe juu yake. Wabeba mizigo wa Kariakoo wanakunywa hapo, machinga wanakunywa, akina mama wanaotoka Feri na ndoo za samaki wanakunywa, hata mimi nimekunywa miaka yote na sikuwahi kujiuliza nani anaujaza. Kumbe ni yeye, kila asubuhi anashuka ngazi zote zile na magoti yake kwenda bomba la uani.

"Maji yao yanatoka kwenye mita yetu sote," akaniambia. "Nimepima, kwa siku ni kama ya watu wanne. Nisipowaandika mtalipa ninyi, na ninyi hamkuwaalika."

Nilibaki pale dirishani nikapiga hesabu upya. Ghorofa zima tulipunguza, mtu mmoja akaongeza, tena anayeishi kwa pensheni ya marehemu mumewe, na watu wangu watatu niliowaficha kumbe naye alikuwa anachangia kuwalipia. Kanisani nakwenda kila Jumapili lakini sijawahi kuingiwa na hofu ya Mungu kama niliyoingiwa nayo pale dirishani. Nikamwambia basi aeleze hivyo hivyo ofisini, akakataa, akasema ule mtungi alikabidhiwa na mama mkwe wake kwa sharti kwamba asimtangazie mtu, na mimi kaniambia kwa sababu nimeuliza. Ananiomba nimwandikie tu kwamba alikosea kuhesabu, na kama ni lazima ahame, atahama.

Karatasi ninayo hapa, sijaandika neno. Nikisema ukweli, naogopa Klara atatolewa, majirani watanichukia kwa kuwa watahesabiwa upya, na Athanas anasema ninyamaze, bibi ana ndugu wenye uwezo. Nifanye nini?

Katibu mwenye aibu, Kariakoo

SHANGAZI CHIKU ANAJIBU

Katibu, barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikajikuta nimeketi. Mwaka wa kumi na tisa huu nasoma siri za watu, na wanaoniandikia kuhusu bili wote wanalia kwamba wamezidishiwa. Anayeomba azidishiwe ili jirani asiumie, huyu ni wa kwanza. Kwa hiyo mshangao wako nauelewa, hata mimi umenikamata na haujaniachia. Lakini usitegemee nikusifu kwa kuwa umeshangaa.

Kuwaficha watoto wa dada yako nakuonea huruma. Gharama imepanda, kipato kiko palepale, na mtu aliyebanwa hufanya hesabu za ajabu. Kumsukumia mjane mkaguzi ili wewe upumue, hapo sina huruma nawe. Ulijua kalamu yako inaaminika, ukaitumia. Na mwambie mumeo kwamba hao ndugu wenye uwezo hawakuijaza ile fomu.

Sasa sikiliza. Karatasi hiyo usiandike jina lake, andika lako. Andika kwamba maoni yale uliyaandika wewe bila kuona lolote, kwamba Bibi Bharti anaishi peke yake, na kwamba nyumbani kwako mko sita. Mwombe afisa aje akague kule juu, atakuta kitanda kimoja. Akiuliza kwa nini aliandikisha watano, mjibu kwamba aliamua mwenyewe kulipia watano, nami sijasikia mpangaji aliyetimuliwa kwa kulipa zaidi. Habari ya mtungi iache, si yako kuitoa. Umeshaivujisha kwangu, ndiyo maana jina lake na mtaa nimevibadilisha hapa gazetini.

Klara ni ndugu yako wa damu, hakulipi kodi, huyo si mpangaji wa siri. Kamwandikishe. Faini ikija, ilipe kidogo kidogo. Majirani waite Jumapili, uwaambie idadi yako kabla hujamuuliza mtu idadi yake. Watakununia, tena sana, vumilia. Atakayetaka kurekebisha arekebishe, na kama bili bado ni mzigo, andikeni wote kwa pamoja muombe kila mlango upewe mita yake. Hiyo ni njia halali, mngeweza kuianza mwezi wa nne.

Ila kabla ya ofisi na kabla ya kikao, panda kwa Bibi Bharti leo hii. Asije akasikia kutoka kwa afisa. Na ukifika usilie. Ukilia ataacha shida yake aanze kukubembeleza, kwa jinsi ulivyonieleza alivyo, na wewe utashuka umepona ukimwacha yeye na barua yake. Mwambie ulichofanya kwa maneno machache, halafu nyamaza umsikilize.