Nilimpa Mbwa Wangu Mzee Dawa ya Marehemu Mke Wangu

Mshauri mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni mdogo kwangu basi pokea salamu tu. Mimi ni fundi viatu, nina miaka sitini na mitatu, sijawahi kuandika gazetini, ila ukurasa wako naujua kwa sababu magazeti ya zamani ndiyo ninayojazia ndani ya viatu vilivyokwisha kushonwa ili visipoteze umbo, nami husoma kwanza kabla ya kukunja. Naomba unisaidie upesi maana kuna jambo nimelifanya na sijamwambia mtu.

Mke wangu alifariki mwaka jana, sasa imetimia miezi kumi na minne. Aliugua mifupa karibu miaka mitatu na mimi ndiye niliyemuuguza, dawa zake zote nilizijua kwa rangi, tulikuwa na kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, kila siku na chumba chake, na daftari ambalo muuguzi alitufundisha kuandika saa, dawa, na kama mgonjwa amekula. Alipofariki watoto waligawa nguo zake, lakini kisanduku na daftari na dawa zilizobaki nilivificha kwenye kabati la jikoni, nyuma ya birika lililotoboka, sijui kwa nini, labda kwa sababu siku akijisikia vizuri alikuwa anaandika mwenyewe, na kuna mahali ameandika, "Leo nimekula vizuri ingawa fundi kaunguza mayai."

Sasa mbwa. Daktari wa mifugo wa mtaani kwetu ni mteja wangu, namshonea mikanda na hatamu, na siku moja nilipompelekea kazi yake nikamkuta mbwa mkubwa wa kahawia amelala mlangoni, uso wote mvi, kila anayepita anamruka. Alikuwa mlinzi kwenye kiwanda cha mbao miaka kumi na moja, kiwanda kikafungwa, wenyewe wakaondoka, yeye akabaki analinda lango la mahali pasipo na kitu. Daktari akaniambia, "Fundi, huyu hakuna anayemtaka, magonjwa yamemjaa, usimtazame sana." Nami nilikuwa nimeshamtazama. Nikatia sahihi karatasi ya kumchukua, na karatasi ile inasema nitamleta kila mwezi apimwe na sitampa dawa yoyote ya binadamu bila kuuliza. Niliisoma, siwezi kusema sikuisoma.

Jirani yangu kinyozi ndiye aliyempa jina. Alisema, "Umeokota mstaafu, tena asiye na hata kiinua mgongo!" Basi jina likaganda, Mstaafu. Na kweli mgongo wake hauinuki, nyonga zina yabisi, nikamshonea mkanda mpana wa ngozi laini wa kupitisha chini ya tumbo, nikiuvuta juu kidogo anasimama, tunakwenda uani hivyo hivyo hatua kwa hatua, na kinyozi anasema tunafanana na watu wanaohamisha kabati. Tena moyo wake umetanuka, maji yanaingia mapafuni anakohoa, figo zimechoka, jicho moja lina ukungu na masikio hayasikii ila sauti ya mfuko wa chakula. Dawa ya moyo ni asubuhi na jioni, kuna ya kutoa maji ambayo inamfanya akojoe kila saa, kuna matone ya jicho, na chakula chake cha figo hakina chumvi, anakitazama kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.

Nikakitoa kile kisanduku cha vyumba saba nyuma ya birika, nikakiosha. Nikalitoa na daftari, kurasa tupu zilikuwa zimebaki nyingi, nikaendelea pale pale alipoishia mwenzangu. Kibandani siendi tena, nimehamishia kazi nyumbani, nyundo, gundi, ngozi, vyote viko chumba kile anacholala Mstaafu, chumba ni kidogo na dirisha nimelifunga asipigwe na baridi. Nikiwa nafanya kazi kikohozi kinamzidi, Jumapili anapata nafuu, nadhani ni kwa vile Jumapili nakaa naye sakafuni.

Binti yangu mkubwa amekuja mara moja, akasimama mlangoni ameshika mkoba, hakuketi. Akasema, "Baba, hebu niambie ukweli. Unamuuguza mbwa au unamuuguza mama?"

Nikamwambia, "Mama yako hakuwa na mkia."

Nilitaka acheke. Akasema, "Umezoea wagonjwa mpaka sisi wazima hutuoni," akaondoka, na tangu hapo tunasalimiana kwa simu tu, hujambo sijambo.

Sasa nalisema lenyewe. Jumatano iliyopita mchana Mstaafu alilala vibaya, nyonga zikakaza, akaanza kulia, si kubweka, ni sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta, nikamkanda, nikamgeuza, hakunyamaza, nikatazama saa ya ukutani ikawa saa tisa kasoro dakika chache. Mshauri, siku aliyofariki mke wangu aliniomba nusu ya kidonge cha maumivu saa hiyo hiyo. Daftari lilisema saa kumi. Nikamwambia, "Mama, bado saa moja, tufuate alivyosema muuguzi." Akasema, "Haya fundi, nasubiri." Saa tisa na robo alikuwa amekwisha kwenda, kidonge kimo kisandukuni, na mimi nimeshika daftari.

Basi nilipomsikia Mstaafu sikuweza kukaa tena nitazame saa. Nikachukua zile dawa za maumivu za mke wangu zilizobaki, nikapiga hesabu kwamba yeye mwishoni alikuwa na kilo arobaini na mbwa ana kilo thelathini, kwa hiyo nusu kidonge haiwezi kumdhuru, nikampa ndani ya kipande cha mkate. Kwa saa nzima akalala kama mtoto. Ijumaa nikampa nusu nyingine, Jumamosi nusu nyingine, zote nikaandika kwenye daftari maana mkono umeshazoea kuandika. Tangu jana Jumapili hali chakula, ametapika mara mbili, na kinyesi chake kimekuwa cheusi kama rangi ya viatu.

Siku yake ya kupimwa ni Jumatatu ijayo. Nimwambie daktari au ninyamaze? Nikimwambia ataona nimevunja sahihi yangu, atamchukua, naye atafia kwenye sakafu ya watu. Nikinyamaza, naogopa. Yule wa kwanza nilimnyima, huyu nimempa, na naona wote wawili nimewakosea. Barua hii nampa kinyozi ailete ofisini kwenu kwa mkono, namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi, Fundi Viatu

*

Fundi,

Sikungoja siku ya gazeti. Barua yako ilinifikia Jumanne asubuhi, nikaisoma mpaka kwenye rangi ya viatu, nikaigeuza bahasha kutafuta namba. Kwa miaka yote ya ukurasa huu nimewapigia simu wasomaji watatu tu, wewe ni wa nne. Nayaandika hapa tuliyozungumza, kwa ruhusa yako, kwa sababu najua wako wengi wenye birika lililotoboka na vitu nyuma yake.

Nilikuambia, "Mchukue mbwa umpeleke sasa hivi."

Ukasema, "Nimalizie soli hii kwanza, mwenyewe anaipitia mchana."

Fundi! Kinyesi cheusi ni damu. Ni damu iliyotoka tumboni ikapita njia nzima. Nilikupigia kelele na sijutii. Ukaniuliza utamwambiaje daktari, nikakujibu umwambie kama ulivyoniandikia mimi: kidonge gani, nusu ngapi, siku zipi. Na ubebe daftari.

Sasa nikukemee kidogo, kisha tuendelee. Mbwa si mtu aliyepungua kilo. Dawa inayotuliza goti la mtu inaweza kumtoboa mbwa tumbo, na ukimpa ambaye figo zake zimechoka, unampandishia mzigo mtu ambaye yuko magotini tayari. Ile karatasi uliyotia sahihi haikuandikwa ili kukutega. Iliandikwa kwa sababu wako waliopenda kama wewe, wakapiga hesabu kama yako, wakazika. Ulisoma, ukajua, ukanyamaza siku sita. Na katika siku hizo sita aliyekuwa anaumia ni asiyeweza kusema, "Fundi, tumbo linaniuma."

Nimemaliza. Sasa nawaambia wasomaji yaliyofuata. Jioni ulinipigia na ulikuwa huwezi kuzungumza vizuri. Nikauliza, "Amekufa?" Ukasema hapana, amelazwa, anawekewa maji kwenye mshipa. Nikauliza, "Daktari amesemaje kuhusu karatasi?" Ukasema, "Hakuuliza karatasi. Aliuliza daftari."

Alikaa kwenye kiti, akalisoma, akakuta kila nusu imeandikwa na saa yake, pamoja na alichokula na alichotapika. Akajua pa kuanzia. Wengi humletea mbwa na uongo, naye hupoteza siku nzima akiutafuta ukweli. Wewe ulimkabidhi umeandikwa kwa kalamu. Daftari hilo hilo unalojilaumu kwa kulifuata tangu saa tisa na robo ya siku ile ndilo lililomshika Mstaafu asiondoke.

Na kuhusu saa tisa na robo. Mimi sikuwepo, kwa hiyo sitakudanganya kwamba mkeo hakuwa na maumivu. Alikuwa nayo. Lakini kilichomwondoa ni ugonjwa wa miaka mitatu, si saa moja ya kusubiri, na nusu kidonge isingemrudisha. Ulifuata ulivyofundishwa kwa sababu ulitaka akae. Hakukulaumu; alikuita fundi, akasema, "Haya." Lichukue neno hilo kama alivyolisema, usilitafutie lingine chini yake. Kidonge unachojiona una deni nacho kwa mkeo, umejaribu kukilipa kwa mbwa, na mbwa tumbo lake halikuumbwa kupokea malipo hayo.

Sasa fanya nikuambiavyo.

Zile dawa zilizobaki zipeleke duka la dawa wakazitupe wanavyojua wao. Zote, hata zile unazozionea huruma. Daftari usilitupe. Kisanduku kibaki, ila kila kinachoingia humo kitoke mkononi mwa daktari wa mbwa. Amekuahidi dawa ya maumivu inayofaa wanyama wenye figo kama zake. Mbona hukuomba mapema? Ulikuwa unaogopa jibu. Uliza, fundi. Swali halina gharama kama kimya.

Rudisha kazi kibandani. Umeniandikia mwenyewe, bila kujua, kwamba Jumapili kikohozi kinapungua. Jumapili hufungui gundi! Mzee mwenye maji mapafuni umemfungia chumba kimoja na mkebe wa gundi, dirisha umelifunga, halafu unakaa karibu yake umsikilize anavyokohoa. Fungua dirisha. Mwambie daktari na hilo pia. Ukienda kibandani asubuhi, rudi mchana umtoe uani, kisha urudi kazini. Mlinzi wa miaka kumi na moja anajua kukaa peke yake kwa muda wa saa tatu. Asiyejua ni wewe.

Muulize daktari sasa, ukiwa mtulivu, dalili gani zitaonyesha kwamba dawa hazimsaidii tena na ni huruma kumwacha apumzike. Ziandike ukurasa wa mwisho. Siku hiyo itakuja, pengine mwaka huu, na usikubali ikukute unapiga hesabu za kilo.

Na mpigie binti yako. Usianze na hujambo. Mwambie habari ya nusu kidonge, ya mama yake na ya mbwa, zote mbili, kama ulivyoniambia mimi nisiyekujua. Ulimjibu kwa mzaha wa mkia, naye alikuwa ameleta kilio. Kisha mwombe aje akushikie upande mmoja wa ule mkanda. Kinyozi wako ni mcheshi lakini kasema kweli: kabati halihamishwi na mtu mmoja.

Daktari amesema ukamchukue Mstaafu kesho saa kumi alasiri. Wewe nenda saa tisa.