Gurudumu la Mbele, Upande wa Kulia

Shemeji yangu Maganga,

Tangu motokaa ya kwanza iingie Tabora hajatokea mtu wa kunishinda mimi kutambua beringi mbovu kwa sikio. Waulize madereva wote wa sokoni. Ila dada yako usimuulize, maana Kabula alikuwepo, naye atakuambia kwamba aliyeitambua ni wewe. Mimi nilikuwa nimeshika spana na kusema uongo.

Haya, nimekiri. Cheka, lakini usimwage uji. Na huyo anayekusomea barua hii asiruke mahali, hata pale ninapokutukana.

Mtu wa reli kaniletea maneno yako. Eti hurudi tena kwetu, utakaa hukohuko Tura kwa mwanao, kwa kuwa macho yamekwisha na hutaki kuwa mzigo. Nilimsimulia Kabula. Aliingia jikoni akaanza kuzipanga sufuria, na sufuria zetu ni tatu tu, lakini kelele yake utadhani anapanga za kambi nzima ya askari.

Sasa nisikilize, mrina asali wee.

Unakumbuka tulivyotoka Tura siku ile? Nilikuwa nimemwoa dada yako wiki hiyohiyo. Nilimkalisha mbele kwenye lile gari kuukuu la Bwana Salum, tajiri wangu, lenye boksi la mbao nyuma, nikajiona Bwana Shauri mwenyewe. Wewe ulikuwa ndani ya boksi, umekalia magunia ya nta. Njia ni ileile niliyoipita ujanani kwa miguu, nikiwa mpagazi, na mzigo wa watu kichwani. Nilitaka mke wangu anione ninavyoipita nimeketi.

Gari likaanza kunguruma. Kukuru, kukuru, kama mwanamke anasaga mtama chini ya sakafu. Nikimbiapo, nalo linasaga haraka. Nikipunguza, linapunguza. Nikaimba ili dada yako asisikie, akaniambia nyamaza, anasikiliza gari.

Kuna jambo sikuwaambia. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeisikia sauti hiyohiyo, nikafungua gurudumu la nyuma la kushoto, nikaitoa beringi yake kwa nyundo, kumbe ilikuwa nzima. Nikaiua mimi. Bwana Salum alinunua nyingine mbili, moja nikaifunga pale, na moja akanipa ya akiba ndani ya karatasi ya mafuta, akasema, "Ukikosea na hii, funguo uniletee, urudi kwenye jembe." Basi nilikuwa na mke mpya, beringi moja, na magurudumu matatu ya kubahatisha.

Ukagonga boksi kwa ngumi.

"Shemeji, simamisha! Gari lako linalia."

"Magari yote yanalia."

"Hili linalia mahali pamoja."

"Ni tairi," nikasema. Nikaona hukuridhika. "Au difu."

Kabula akatoa kichwa dirishani. "Umesema tairi, umesema difu, umebakiza kusema mvua. Mwache kaka asikilize."

Ukaniamuru, wewe usiyejua hata breki iko wapi, niendeshe polepole pale penye uwazi, nikate kushoto, kisha nikate kulia. Nikakata kushoto, gari likalalia kulia, na ile sauti ikapanda kama imekanyagwa mkia. Nikakata kulia, ikanywea. Ukasema, "Anaumwa upande wa kulia. Ukimwegemea analia."

Nikakimbilia nyuma na jeki. Nilikuwa na hakika ni la nyuma, maana sauti ilijaa nyuma.

"Hilo boksi lako ni mzinga mtupu," ukasema. "Ukigusa huku linaitikia kule. Anza mbele."

Ndipo ulipotoa kile kijiti chako, kile unachokiegemeza kwenye mzinga ili ujue kama nyuki wamo au wamehama. Nililiinua gurudumu la mbele la kulia, nikalizungusha kwa mkono. Ukaweka ncha moja kwenye springi, nyingine sikioni. Tena ukafumba macho. Shemeji, macho yako siku hizo yalikuwa yanamwona nyuki akiingia mtini mahali ambapo mimi siuoni hata mti, nawe ukayafumba kwa hiari yako, kama mtu anayefunga mlango ili asisumbuliwe.

Tukahamia kushoto, ukasikiliza. "Huyu ameshiba, amelala." Tukarudi kulia. "Huyu anatafuna mawe. Fungua."

Nikafungua. Grisi nyeusi kama masizi, gololi mbili zimepasuka, nyingine zimeliwa kama meno yangu ya sasa. Nikaichomeka ile mpya, nikakaza. Tukaingia Tabora kimya kimya, mpaka nikakumbuka kuimba, na safari hii dada yako akaitikia. Funguo nilibaki nazo miaka yote hii. Hujawahi kunisema kwa Bwana Salum, wala kwa mtu yeyote. Mimi ndiye niliyesimulia kila mahali kwamba ni mimi.

Sasa unaniambia macho. Uliniokoa umeyafumba!

Na hilo neno mzigo ulifute. Mimi nimebeba mizigo, naijua. Mzigo haudai chumvi iongezwe, hauninyang'anyi kiti changu cha barazani, hausemi kwamba naendesha kama nimefukuzwa. Wala sikuiti kwa sababu ya kazi. Fundi wa kusikiliza gari nitampata. Dada yako bado anasonga ugali wa watu watatu kila siku, halafu anaukasirikia unaobaki, na anayekasirikiwa baada ya ugali ni mimi. Nimeshafunga kamba kutoka mlango wa chumba chako mpaka chooni. Niliijaribu mwenyewe nimejifunga kitambaa usoni, nikafika. Nilianguka mara moja tu.

Alhamisi ijayo nitakuwa na gari, naweza kufika Tura.

Barua zako zote nimekuandikia mimi, kwa hii elimu yangu ya miaka miwili ya misheni, hata ile ya kwenda kwa yule mama wa Choma uliyonirudisha niiandike mara tatu kisha ukaogopa kuituma. Sikuomba hata asante. Leo naomba nilipwe. Mpe kalamu huyo aliyekushikia karatasi, aniandikie neno moja tu: Njoo. Hata akikosea herufi, nitasoma.

Ni mimi shemeji yako,
mume wa Kabula