Dakika Tatu za Josphat

Jumatatu, 3 Machi

Zamu ya asubuhi. Nimeogesha wazee sita, nimebadilisha shuka zote, mgongo umekufa. Dada Zuhura kanisaidia kumgeuza yule mzee mzito wa chumba cha mwisho. Yeye wa Tanga, mimi wa Nakuru, tumekutana huku ughaibuni. Makao haya ya wazee ya jiji yametuzeesha pamoja.

Keshokutwa Kamati ya Baraza la Jiji inasikiliza maoni kuhusu mswada wa pensheni. Ukipita, miaka tuliyofanya kazi kama vibarua kabla ya kuajiriwa itahesabiwa. Mimi bado nina muda. Zuhura anastaafu Juni, magoti yamekataa. Bila ile miaka tisa ya ukibarua, hapati pensheni. Anaogopa kusema mbele za watu. Nitamsemea.

Jumatano, 5 Machi

Nimeaibika.

Kila shahidi anapewa dakika tatu. Nikaanza kama nilivyolelewa. Nikamsalimu mwenyekiti, nikawasalimu wajumbe mmoja mmoja kwa majina, nikawashukuru kwa kutukaribisha, nikaeleza nimetoka wapi. Mtu haanzi kudai kabla ya kusalimu. Nilipofika "Sasa, mwenzangu Zuhura," kengele ikalia na maiki ikazimwa.

Aliyebonyeza ni Josphat, msaidizi wa mwenyekiti. Mkenya mwenzangu! Tunasali naye kanisa moja, Silver Spring. Alipofiwa na baba yake, chapati za matanga nilizisukuma mimi, siku tatu. Nilimwendea mezani pake. "Josphat, nilikuwa nakuja kwa point."

Hakuinua hata macho. "Time ni time, Mama Kevin."

Zuhura alikuwa ameketi nyuma, amekumbatia mkoba wake. Namchukia Josphat. Naandika wazi.

Alhamisi, 6 Machi

Kevin ananiambia, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwamba sheria ni ya wote. Nimemwambia akaoshe vyombo.

Hasira hasara, mama yangu alizoea kusema. Mama hakumjua Josphat.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu si Athumani. Mchungaji kanipigia: Josphat ameomba kusalimia kanisa kesho. Kampeni hiyo, nini kingine? Anautaka udiwani, mtaa mzima wa Wheaton unajua.

Na mwezi huu anayeongoza ibada ni nani? Mimi.

Nimetoa ile saa ya jikoni ya kupimia mayai. Nimeijaribu mara mbili. Inalia vizuri sana.

Jumapili, 9 Machi

Tamu. Tamu kuliko nilivyotarajia.

Alisimama. Bwana asifiwe, mara tatu. Akamsalimu mchungaji, mke wa mchungaji, wazee wa kanisa, akina mama, vijana, kwaya. Akashukuru kwa matanga ya baba yake. Aliiona saa mkononi mwangu, akatabasamu, akadhani ni utani. Akawasalimu wageni. Kisha akakunjua karatasi. "Sasa, jambo hasa lililonileta..."

Kengele.

Nikamkonyeza fundi wa mitambo, maiki ikazimwa. Nikachukua yangu: "Time ni time, Brother Josphat. Kwaya!"

Kanisa lilicheka, hata wazee wa mbele. Josphat alibaki mdomo wazi, hasikiki, kwaya imeshapanda. Aliondoka kabla ya chai. Mimi nilikunywa vikombe viwili. Nikampigia Zuhura huko Temple Hills nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa.

Mkuki kwa nguruwe. Sijutii.

Jumanne, 11 Machi

Josphat kapiga simu saa nane mchana. Nilipokea nikiwa tayari kwa vita.

Kamati ilikutana leo asubuhi. Tangu wiki jana Josphat alikuwa akimbembeleza mwenyekiti, na mwenyekiti akampa sharti: wafanyakazi wa jiji wakijaa ukumbini Jumanne, mswada unapigiwa kura na unapita. Ukumbi ukiwa mtupu, unangoja mpaka Oktoba. Nusu ya kanisa letu ni wafanyakazi wa jiji. Wito wa kuja kujaza ukumbi ndio uliokuwa kwenye ile karatasi.

Leo walikuja watu wanne.

Umeahirishwa. Na watakaokuwa wamestaafu kabla haujapita, hauwahusu.

"Nilikuwa nakuja kwa point, Mama Kevin," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia jana. Siku nzima ya Jumatatu ilikuwepo! "Nilikuwa nimekasirika."

Nilitafuta tusi la kumtukana. Kila nililolipata lilinifaa na mimi.

Jumatano, 12 Machi

Kazini. Zuhura kasikia mswada umeahirishwa. Hajui kwa nini. Kasema ni mipango ya Mungu. Niliendelea kukunja taulo.

Ijumaa, 27 Juni

Siku ya mwisho ya Zuhura. Msimamizi alileta keki. Zuhura kaleta visheti alivyokaanga mwenyewe, amesimama kwa magoti yale yale. Kuanzia Jumatatu atalea mtoto wa jirani yake, mchana kutwa. Anasema mtoto ni mwepesi kuliko wazee.

Wakati wa chai akawaita wenzetu wote wa zamu, akaniambia, "Hebu wasimulie, shoga, ile ya Josphat na saa ya mayai."

Nikasimulia. Salamu zote, wageni, karatasi, kengele. Nikaishia hapo. Wamecheka wote, na yeye kuliko wote, anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Kanifungia visheti vilivyobaki nimpelekee Kevin. Nimembebea mkoba mpaka kituo cha basi.