Kwa Pernilla, Aliyekataa Matone

Ulikataa mofini, Pernilla. Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga, daktari alikuwa ameshasema hakuna tena la kutibu, lililobaki ni kukupunguzia maumivu tu, na wewe ukasema hapana.

Leo mwaka mzima umepita tangu Jumanne ile ya mwezi wa tatu ulipotutoka, hapa nyumbani kwa mama, mjini Holmsund, theluji ikiyeyuka na kudondoka kutoka paani. Mama amemwambia kaka yako Stellan ndiye aandike haya, kwa sababu ndiye aliyekaa nawe siku zote zile. Stellan aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano akaenda kuendesha mashine ya kukata miti. Kwa hiyo haya yataandikwa kama yalivyotokea, bila maua.

Ulipika chakula cha shule kwa miaka ishirini na miwili. Mtoto aliyechukia karoti ulimpakulia sahani isiyo na karoti, na hukumuuliza kwa nini. Walimu walilalamika. Wewe uliendelea kupakua.

Ijumaa ulipovua aproni tulijua hatutakuona tena hadi Jumapili. Koti jeusi lenye nembo za bendi, begi mgongoni, basi la kwenda Umeå. Wakati mwingine ulipanda treni usiku kucha hadi Gothenburg kwenda kusikiliza watu wanne wakipayuka na magitaa yao kwenye chumba cha chini ya ardhi, mbele ya watu thelathini, na wewe mmoja wao. Ulirudi sauti imekukauka, umefurahi kuliko mtu aliyetoka harusini.

Kila onyesho uliliandika kwenye daftari: tarehe, ukumbi, watu wangapi, na hukumu ya neno moja au mawili. "Moto." "Waongo." "Wamechoka." Bendi moja ya Norrköping uliiandikia "Warudi shule", kisha ukawalaza wote watano sakafuni kwako na kuwapikia dengu. Bendi zilizokuja kaskazini zilijua nyumba yako. Viatu vinavuliwa mlangoni, bia inabaki garini.

Mara moja tu ulimpeleka Stellan. Alikuja na vizibio vyake vya masikio vya msituni, vile vikubwa vya rangi ya chungwa, akasimama mbele kabisa kama mti.

"Vua hivyo vitu, unaniaibisha," ulimwambia.

"Nimekuja kuona. Hukusema nije kusikia."

Walipomaliza, mpiga dramu alishuka jukwaani moja kwa moja hadi kwake akamuuliza vinauzwa duka gani. Ulicheka hadi ukakaa chini. Kwenye daftari, mbele ya tarehe ile, uliandika: "Stellan."

Hukula nyama tangu una miaka kumi na sita, na yeye ni mwindaji. Kila msimu wa kuwinda mlianza upya.

"Umeleta maiti mezani tena, kaka?"

"Na wewe umeleta majani. Mmoja wetu ni ng'ombe."

Mama alikuwa akiwapigia meza kwa kijiko. Lakini sufuria yako ilikuwa na mfuniko mwekundu, na hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kuitia mwiko wenye mafuta ya nyama. Wala yeye.

Sasa tuseme habari ya kiapo, maana wengi waliokuja kukuzika waliuliza.

Mwezi wa kwanza mwaka 1994 mlikuwa watano, na bendi yenu iliitwa Tjäle, jina la barafu inayoshika ardhi. Wewe ulipiga gitaa la besi, Jompa akaimba. Chama cha masomo kiliwapa chumba cha mazoezi bure, kama kinavyofanya hadi leo, kwa sharti kwamba mjiandikishe kama darasa na kujaza karatasi ya mahudhurio kila wiki. Nyuma ya karatasi moja Jompa aliandika kwamba hakuna hata mmoja wenu atakayetia mwilini pombe, sigara, wala kitu chochote kinacholevya, hadi kufa. Mkatia sahihi wote watano, mkachorana alama ya X mgongoni mwa mkono kwa wino mzito. Miaka ile vijana wengi wa huku walifanya hivyo, na wazazi walishukuru tu.

Wa kwanza alianguka kiangazi kilekile. Wa pili alipoingia jeshini. Wa tatu harusini kwake. Jompa alihamia Sundsvall, akaanza kuuza nyumba, na siku hizi anajua majina ya mvinyo. Hukumnunia hata mmoja. Uliwatumia wote kadi kila Krismasi.

Kulikuwa na mkesha mmoja wa sikukuu ya kiangazi, mwaka 1996, mjomba alipotia vodka kwenye soda yako ili watu wacheke. Stellan aliona. Alimsukuma mjomba kifuani akaanguka juu ya meza ya samaki, na meza ikaanguka naye. Tangu siku hiyo ulinusa kila kikombe ulichopewa, hata cha mama, hata cha kasisi. Cha Stellan peke yake ndicho ulichokunywa bila kunusa.

Ukaugua. Vuli yote ulivumilia, ukienda kwenye maonyesho kwa magongo, ukikaa kwenye kiti walichokuwekea karibu na spika. Baada ya Krismasi hukuweza tena, ukahamia kwa mama. Mwezi wa pili maumivu yalifika mahali ambapo ukigeuzwa kitandani tulikusikia tukiwa nje uani tunazoa theluji.

Nesi wa nyumbani, Siv, alikuja na chupa ndogo ya matone ya mofini.

"Hii si ulevi, Pernilla," alisema. "Hii ni dawa. Wapo wenzako wenye kiapo kama chako, wanaitumia. Hakuna anayewahesabia."

"Mimi nahesabu," ulisema.

"Nani atajua?"

"Umeniuliza swali, nami nimekujibu, Siv. Nipe vidonge vile vya kawaida."

Vile vya kawaida vilikuwa kama maji. Siv aliacha chupa jikoni juu ya rafu, akamwambia Stellan mlangoni: "Ana akili timamu kuliko mimi na wewe. Asipotaka, hatumpi. Wala kwa siri. Umenielewa?"

Stellan alisema ameelewa. Kisha akampigia simu Jompa.

Tunakumbuka alivyokuja. Aliendesha gari kilomita mia mbili na themanini kwenye barafu, akaingia na koti lake zuri, akavua viatu bila kuambiwa. Ulikuwa umeegemezwa kwa mito. Ukamtazama kichwani.

"Nywele zimeenda wapi?"

"Zilikufuata kwenye maonyesho, hazikurudi."

Mkacheka, na kicheko kikakukata pumzi, tukaona uso wako ulivyogeuka. Jompa naye akaona. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Sikiliza, Nilla. Yale maneno niliyaandika mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa nimemkasirikia baba yangu aliyekuwa mlevi. Basi. Hakukuwa na kitu kingine. Mimi niliyeandika ndiye ninayekifuta kiapo. Kimekwisha. Kunywa dawa."

"Futa jina lako," ulimwambia. "Langu liache."

"Hakuna aliyebaki! Wenzako wote wanne tumeanguka. Unamshikia nani?"

"Mlikuwa mnaimba, Jompa. Mimi nilikuwa naapa."

Alitoka nje akakaa kwenye gari lake muda mrefu, injini inaunguruma. Stellan alimfuata. Jompa alishusha kioo na kusema, "Mtilie kwenye kahawa, bwana. Mimi singeweza kusikiliza ile sauti siku mbili. Wewe unaisikiliza vipi?"

Stellan akarudi ndani. Lakini asubuhi iliyofuata, Alhamisi, mama akiwa dukani, alitoa chupa kwenye rafu.

Hili hukulijua, Pernilla, na ndilo hasa tunalotaka kukuambia leo.

Alichemsha kahawa nzito. Akatia maziwa yako ya shayiri na sukari mbili, ili uchungu ujifiche. Akahesabu matone kwa sauti ndogo, kama Siv alivyoandika kwenye karatasi. Mikono yake imezoea mashine ya tani ishirini, na tone la mwisho lilimchukua dakika nzima. Akakoroga. Akanusa yeye mwenyewe. Hakusikia kitu ila kahawa.

Alijisemea njia nzima kutoka jikoni kwamba ni haki. Kwamba kuna siku alipomwangusha mjomba kwa kukulinda, na leo anakulinda vilevile. Alipofika mlangoni ulikuwa umeuma pembe ya mto, macho yamefumbwa, jasho linatiririka. Akakaa kitandani akakuinua kichwa kwa mkono mmoja. Kikombe kilikuwa katika mkono wa pili.

Hukufumbua macho.

"Nani?"

"Mimi."

Basi ukafungua mdomo. Hukunusa. Ulifungua tu mdomo, kama kinda la ndege, ukasubiri.

Kikombe kilifika kwenye mdomo wako wa chini. Stellan alihisi pumzi yako kwenye vidole vyake. Ilikuwa kukiinamisha kidogo tu, upana wa ukucha, na kelele ile ingekwisha, wewe ungelala, na mama angelala, na yeye angelala. Hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Akakiondoa.

"Vipi?" ulisema.

"Imepoa. Nakuletea nyingine."

"Hata ikiwa baridi nitakunywa, kaka."

"Nimesema imepoa!"

Alikufokea, na ndiyo mara ya mwisho kukufokea. Akaimwaga kwenye sinki, akafungua bomba akaliacha litiririke, akakisugua kikombe mara tatu. Kisha akachemsha nyingine, akakunywesha, ukasema sukari haitoshi.

Hakukuelewa siku ile, na hakuelewi leo. Bado anasema ulikosea. Mama anasema hivyohivyo, na husema kwa hasira akiwa anatandika kitanda kile ambacho hakuna anayekilalia. Dawa si ulevi. Kiapo cha watoto nyuma ya karatasi ya mahudhurio hakikustahili mwili wako. Lakini kilikuwa chako, na ulikuwa umeamini kwamba kuna mtu mmoja ambaye huna haja ya kunusa kikombe chake.

Wanaokukumbuka, na hawataacha hadi nao waitwe: mama yako Maj-Lis, ambaye siku saba za mwisho alihamia kwa jirani kwa sababu masikio yake hayakuweza, na hajajisamehe. Kaka yako Stellan, ambaye tangu siku hizo huvaa vizibio vyake hata akiwa msituni peke yake na mashine imezimwa. Jompa, aliyeandika maneno yale, na ambaye hakuingia kanisani siku ya maziko ila alisimama nje hadi mwisho. Siv, aliyekuja kila siku bila kukulaumu. Bendi kumi na nne zilizolala sakafuni kwako na kutuma maua bila kujuana.

Kutoka Alhamisi ile hadi Jumanne ya kifo chako zilipita siku kumi na tisa. Ulipungua kilo tisa. Ulichana mito mitatu kwa meno. Jino moja lilivunjika. Matone hukunywa hata moja.