Doa la Chai

Nyumbani, 3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila miguu inalalamika. Wewe na mjukuu wangu hamjambo?

Nina neno. Karatasi ya mitetemeko mnayotuma kila asubuhi ibandikwe kwenye ubao wa soko, Fundi Cherehani anasema ni ileile, leo siku ya tisa. Ina doa la chai pembeni. Unamjua jirani yangu, anaisoma kuliko vipimo vya suruali. Tangu mlima uanze kunguruma watu wananiuliza mimi, kwa kuwa ni mama yako. Niambie basi: karatasi ile ni ya leo?

Mama yako

Ofisini, 7 Machi

Shikamoo mama,

Hatujambo, mtoto anaota meno. Kuhusu karatasi, usiwe na wasiwasi. Siku hizi takwimu zinapitia wizarani kwanza. Wataalamu tupo, tunaangalia.

Mama, naingia hospitali kwa upasuaji mdogo na mtoto sina wa kumwachia. Njoo. Tafadhali, Jumapili isikukute huko.

Mwanao

Nyumbani, 11 Machi

Mwanangu,

Pole sana. Nakuja Jumamosi, barua hii dereva wa ofisi yenu atanitangulia nayo.

Fundi nimemtia adabu. Alikwisha pakia cherehani kwenye mkokoteni, nusu ya mtaa iko nyuma yake. Nikamwambia mbele ya watu, "We pima viuno, mlima waachie wenyewe! Mwanangu ndiye anayeziandaa hizo karatasi. Kungekuwa na hatari asingeniambia mimi mamaye?" Watu wakacheka, naye akacheka, akashusha cherehani. Kuku wangu nimemwachia yeye.

Mama yako

Ofisini, 2 Juni

Shikamoo mama,

Tangu mlima ulipopasuka nawe ukaondoka kwangu bila kuaga, hii ni barua ya nne. Sijui hata kama u mzima.

Upasuaji haukuwepo, ulishajua. Mwishoni mwa Februari tulihesabu mitetemeko mia tatu kwa siku. Mkurugenzi akasema tukitoa namba watu watataharuki, mavuno yataozea shambani. Akaagiza karatasi ya zamani ibaki ubaoni, nami nikatia sahihi. Chai ile niliimwaga mimi. Nikaona angalau nikuokoe wewe. Ningefanyaje, mama? Nisamehe.

Mwanao

Kambini, 20 Juni

Kwako,

Barua zote nne nimezipata. Mimi mzima, na ndilo linaloniuma.

Nalala hema moja na mke wa Fundi. Ananigawia uji bila kunitazama. Siku ile watu walipoanza kukimbia, mumewe alirudi kuwafungulia kuku wangu.

Unauliza ungefanyaje. Ungeandika neno moja: ondokeni. Fundi alikuwa ameshapakia. Aliyemshusha ni mimi, kwa kukuamini wewe.

Sasa wenzako wanabandika karatasi mpya kila asubuhi kwenye nguzo ya kambi, safi, haina doa. Wanasema mlima umetulia, turudi. Huenda ni kweli. Hakuna anayeisogelea, na aliyejua kuisoma hayupo.

Mjukuu wangu mbusu. Wewe usiniandikie tena.

Jirani wa Fundi