Glukosi, Ubuyu na Asubuhi ya Pili

Bariadi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya hapo Kondoa? Mimi mzima, ila nimekaa upande upande na kalamu naishika kama mwiko. Usishtuke, nimelima tu.

Nilikuandikia kuhusu Kabula, binti wa Mzee Masanja wa Nkoma. Nilipopeleka posa, mzee hakukubali wala hakukataa. Alisema tu niende nikalime nao pamba siku mbili. Mimi muuza duka, Mama! Huku wanalima kwa kikundi, mstari mmoja, ngoma inapigwa na majembe yanapanda na kushuka pamoja. Kutazama ni raha, wallahi. Kulima ni habari nyingine. Kina bibi walinipita huku wanaimba.

Jioni, kwao nilikolala, mabega yalikaza, hata kuvua shati nikashindwa. Nikajua nisipoamka kesho, Kabula ameniponyoka. Tangu biashara iwe huria duka langu halikosi kitu, nami nilikuwa nimebeba mfuko mzima wa dawa za nguvu. Nikanywa glukosi: utamu mwingi, nguvu ya kufika mlangoni tu. Nikameza vidonge vya vitamini: mkojo ukawa wa njano kama bizari, mabega yale yale. Mama yake Kabula akacheka, akaniletea kibuyu cha maziwa ya mgando yaliyokorogwa na unga wa ubuyu.

"Kunywa, baba. Sisi tukitoka shambani tunakunywa haya."

Nikamaliza yote, nikalala fofofo. Kusema kweli sijui kama ni maziwa au ni uchovu.

Alfajiri ngoma ikalia. Mwili bado uliuma kila mahali. Nikajikokota na jembe langu hadi kwa mzee.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma, kisha nikaanza kujitetea kwamba dawa zote nimejaribu na maumivu hayajaisha.

Akacheka sana. "Hata sisi yanatuuma, kijana. Siku ya kwanza kila mchumba analima. Wawili waliokutangulia, siku ya pili hatukuwaona."

Akanipa nafasi mstarini, kando yake. Nawapenda watu hawa, Mama.

Msalimie Shangazi aliyenilea, na mdogo wangu Zuhura, mwambie aache kunicheka. Jirani yetu wa mashine ya kusaga naye asisahauliwe.

Jana tukiweka majembe chini, mzee aliniuliza mama yangu atakuja lini.

Mwanao, mkulima wa siku mbili,
Rajabu